Simamisha Video Kabla ya Jibu

Mchezaji wa hoki ya barafuni hukaa uwanjani kwa muda usiofika dakika moja, kisha hurudi benchi kuvuta pumzi huku mwenzake akiingia. Ndani ya sekunde hizo arobaini na kitu anateleza kwa kasi, anabanwa na wapinzani, na anafuatilia kisahani cha mpira mgumu ambacho mpigaji hodari hukirusha kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Muulize alichokiona, atakusimulia vipande vipande tu. Ndiyo maana video ilipata kazi mapema katika mchezo huu.

Aliyeipa heshima ni Roger Neilson, kocha wa Kanada aliyewahi pia kufundisha darasani. Alipokabidhiwa timu ya Toronto Maple Leafs mwaka 1977, wenzake wengi wakitegemea kumbukumbu na daftari, yeye alizichambua mechi kwenye kanda hadi akabandikwa jina la Captain Video. Siku hizi kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, tableti ziko benchi, na mchezaji hujitazama kabla jasho halijakauka.

Hata hivyo, kutazama ni jambo moja na kujifunza ni jingine. Wako makocha wanaowakalisha vijana saa nzima mbele ya skrini, wakipitisha kosa baada ya kosa. Vijana wanaitikia kwa kichwa. Jumamosi inayofuata, kosa ni lile lile. Kilichokosekana ni kazi ya kufikiri, kwa sababu kocha ameifanya yote mwenyewe.

Chukua mfano wa beki anayekwenda kuokota kisahani nyuma ya goli lake, mshambuliaji akimfukuza mgongoni. Kocha wa mazoea huiacha video iende mpaka beki anaponyang'anywa, halafu anasema: “Ungempa winga wa kulia.” Kocha anayejua jinsi akili inavyojifunza huisimamisha sekunde mbili kabla beki hajakigusa kisahani. Anauliza: “Umeshatazama nyuma? Wanaokufuata ni wangapi? Nani yuko huru?” Beki anajibu, wenzake wanapinga au wanaongeza, ndipo video inaendelea. Sasa amelazimika kusoma dalili na kuchagua, kazi ile ile inayomsubiri kwenye barafu. Wataalamu wa saikolojia ya michezo wametumia mbinu hii ya kukata picha kabla ya tukio kupima na kunoa uwezo wa kubashiri, na jibu ambalo mtu amelitafuta mwenyewe hudumu kichwani kuliko alilotafuniwa.

Kusimamisha huko kunamlinda pia mchezaji asihukumiwe kwa macho ya jukwaani. Kamera iko juu, inaona uwanja mzima. Beki yuko chini, ameinama, na nusu ya wapinzani wako nyuma yake. Kwa hiyo swali la “uliona nini?” litangulie lile la “kwa nini ulifanya hivyo?” Mara nyingi utagundua kwamba uamuzi wake ulikuwa sahihi kwa alichokiona, ila hakugeuza shingo mapema. Hapo dawa ni kumzoesha kutazama nyuma, wala si kumkemea kwa pasi mbovu.

Kiasi nacho kina mpaka wake. Akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, hivyo vipande vitatu vya video vyenye mada moja vinatosha kwa kikao, na kimoja kati yake kimwonyeshe mchezaji akiipatia. Usimsahihishe kila tendo pia. Mwaka 1984 watafiti Salmoni, Schmidt na Walter walionyesha kwamba mrejesho wa kila mara unaweza kumng'arisha mtu mazoezini kisha ukamwacha mkono mtupu siku anapobaki peke yake. Anauegemea, hajifunzi kujikagua.

Baada ya skrini, nendeni kwenye barafu siku hiyo hiyo, mlirudie tukio kwa sura tofauti: mfukuzaji mmoja, kisha wawili, kushoto, kulia. Siku chache baadaye rudisheni swali lile lile, maana kujifunza kwa vipindi vilivyoachana hushinda kukariri kwa mkupuo, jambo alilolieleza mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus tangu 1885.

Mbinu hizi zinafaa zaidi pale barafu ilipo adimu. Nairobi, wachezaji wa timu ya Kenya Ice Lions wamekulia kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, mdogo kuliko kipimo rasmi. Pale ambapo muda wa kuwa kwenye barafu ni mfinyu, simu iliyosimikwa pembeni mwa uwanja na kocha mwenye maswali mazuri vinaweza kuendeleza somo nje ya uwanja.

Kocha akitaka kujua kama kikao chake kimefaa, ahesabu nani amezungumza zaidi. Kisha siku ya mechi amwangalie beki yule anapokaribia kisahani: je, shingo imegeuka bila kupigiwa kelele kutoka benchi?