Mtambo Uliosubiri Simu Iishe

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawapa hadithi ya mtambo wa simu. Niliiona kwa macho yangu, kwa hiyo sitaitia chumvi.

Palikuwa na kituo cha afya chenye simu za mezani 22: mapokezi, maabara, dirisha la dawa, vyumba vya madaktari, chumba cha kujifungulia. Ukipiga namba ya kituo kutoka nje, simu yako haiendi moja kwa moja kwenye meza ya mtu. Inapitia kwanza kwenye kompyuta ndogo iliyofungiwa kabatini, chini ya ngazi. Huo ndio mtambo wa simu, mafundi huuita PBX. Unakuuliza unamtaka nani, unakuunganisha, unakumbuka nani anaongea na nani. Ukifungua lile kabati unapokewa na joto, mvumo wa feni, na vitaa vya kijani vinavyopepesa.

Kila baada ya wiki mbili tatu mtambo ule ulikuwa unalegea. Kwanza sauti zinakatikakatika. Halafu simu inaita upande mmoja, upande wa pili kimya. Mwisho unagoma kabisa, tena unagoma wakati watu wanauhitaji. Ukizimwa na kuwashwa, unafanya kazi kama mpya. Wiki mbili zikipita, yaleyale.

Kwa nini? Twendeni kwa mama lishe. Ana sahani 40. Mteja akimaliza kula, sahani inarudi, inaoshwa, inapakuliwa mwingine. Kwa sahani hizo 40 anaweza kulisha hata watu 500. Lakini tuseme kijana wake wa kuhudumu ana tabia moja: mteja akihama benchi, ile sahani yake ya kwanza anaisahau chini ya benchi la zamani. Leo mbili, kesho tatu. Itafika siku wali umeiva, foleni ni ndefu, mabenchi ni matupu, na sahani hakuna hata moja.

Kompyuta nayo ina sahani zake, ndiyo kumbukumbu yake. Simu ikiingia, programu inachukua kipande cha kumbukumbu cha kuandikia: nani kapiga, saa ngapi, anaongea na nani. Simu ikikatwa, kipande kinatakiwa kirudi. Aliyeandika programu akisahau kukirudisha mahali pamoja tu, labda pale simu inapohamishwa kutoka mapokezi kwenda maabara, kumbukumbu inavuja. Siku ya kwanza huoni kitu. Unaona baada ya simu maelfu. Kuzima na kuwasha ni kuinua mabenchi yote kwa mpigo mmoja na kuokota kila sahani.

Mwaka 1995 watafiti wa Bell Labs nchini Marekani, Yennun Huang na wenzake, waliandika kwamba programu inayofanya kazi muda mrefu bila kukoma huzeeka, na kwamba huweza kuwa nafuu kuirudishia ujana kwa ratiba kuliko kungoja ianguke. Nawaunga mkono, ila kwa sharti: fundi anayezima na kuwasha kila wiki, asitafute sahani zinapotelea wapi, huyo mimi simwiti fundi.

Basi, mimi fundi wa kituo nikiwa bado natafuta panapovuja, tukapanga mtambo ujianzishe upya wenyewe mara moja kwa wiki, saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo iitwayo cron, ambayo kazi yake ni kutazama saa. Unaiandikia mstari wenye nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Nyota maana yake ni yoyote. Nikaandika:

0 9 * * 1

Dakika sifuri, saa tisa, tarehe yoyote, mwezi wowote, Jumatatu. Mmeliona kosa? Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, kisha tunaanza upya likizama. Kompyuta inahesabu tangu usiku wa manane, moja kwa moja hadi 23. Saa tisa yetu ya usiku, kwake ni 3. Na 9 yake, kwetu ni saa tatu asubuhi.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, kituo kimejaa. Nilikuwa nimesimama mapokezi. Muuguzi alikuwa anaongea na mama mmoja, mtoto wake ana homa, dawa anayo mkononi lakini amesahau kipimo. Muuguzi akaisoma kadi, akasema, "Sikiliza mama, mpe kijiko..."

Skrini ya simu ikawa nyeusi. Simu zote zikawa nyeusi. Muuguzi akabaki na mkono wa simu sikioni: "Haloo? Mama? Haloo?" Namba ya yule mama ilikuwa kwenye skrini, imefutika. Tukangoja dakika nne, na kila mmoja wetu anaitazama ile simu. Ilipowaka, iliita papo hapo. Alikuwa yeye. Sentensi ikamaliziwa. Mimi nikashuka chini ya ngazi, nikafuta 9, nikaandika 3.

Hata hivyo moyo haukutulia. Kituo cha afya hakilali, na anayepiga simu saa tisa usiku huwa na shida nzito kuliko wa mchana. Je, naye akatwe katikati ya neno?

Iko programu ya simu iitwayo Asterisk. Mark Spencer aliianza mwaka 1999 huko Alabama, Marekani, kwa sababu mtambo wa simu wa ofisi ulikuwa ghali mno kwa kampuni yake changa. Programu hiyo inajua kuanza upya kwa namna tatu. Ya kwanza ni sasa hivi, anayeongea akatike. Ya pili, inafunga mlango: simu mpya haipokei, inangoja walio ndani wamalize. Ya tatu ndiyo niipendayo. Inaendelea kupokea kama kawaida, na inaanza upya pale tu inapokuta hakuna hata mtu mmoja anayeongea. Mtambo wetu nao uliijua njia hiyo ya tatu, nikauagiza uifuate.

Kuamka nako kuna utaratibu wake. Tarehe 15 Januari 1990 swichi moja, yaani mtambo mkubwa wa kuunganisha simu, ya kampuni ya AT&T, mjini New York, ilipata hitilafu ndogo. Ikajianzisha upya kwa sekunde chache, kama ilivyofundishwa, kisha ikawaarifu majirani kwamba imerudi. Majirani hao walikuwa wamewekewa programu mpya mwezi mmoja tu nyuma, na humo mlikuwa na neno moja lililokaa pasipo pake. Ujumbe wa pili ukifika karibu mno na wa kwanza, swichi inachanganyikiwa, nayo inajianzisha upya, ikirudi inawaarifu wengine. Swichi 114 ziliangushana hivyo kwa muda wa saa 9 hivi, na karibu nusu ya simu zilizopigwa kupitia kampuni hiyo hazikufika. Nikiikumbuka habari hiyo, nilizipangia simu zetu 22 zisijiandikishe kwa mtambo kwa pamoja: kila moja ingoje sekunde zake.

Usiku wa kuamkia Jumatatu iliyofuata sikwenda nyumbani. Nilifungua kabati, nikaketi kwenye kigoda. Saa tisa kamili. Kimya. Taa moja ilikuwa bado inapepesa: chumba cha kujifungulia, mkunga wa zamu anaongea na daktari aliyekuwa nyumbani. Saa tisa na dakika tano, bado. Saa tisa na dakika kumi, bado. Mtambo ulikuwa na amri yangu mkononi, na ulimngoja.

Dakika ya kumi na moja mkunga alikata simu. Taa zote zikazimika, feni ikashuka sauti, kisha ikavuma upya. Nikapanda ngazi. Simu ya maabara iliwaka kwanza, ikafuata ya dirisha la dawa, moja baada ya nyingine, ya mapokezi ikawa ya mwisho. Nikainua mkono wa simu, nikauweka sikioni, nikausikia ule mlio mrefu wa simu iliyo tayari.