Chawa Kichwani mwa Mtoto: Dawa Zipi za Nyumbani Zinasaidia, Zipi Zinadhuru

Tunapotembelea vikundi vya akina mama huko Nachingwea na Ruangwa, swali moja hujirudia: mtoto anajikuna kichwa usiku kucha, apakwe nini? Swali linaonekana dogo. Lakini hizi ni wilaya za korosho, na katika nyumba nyingi viuatilifu vya shamba huhifadhiwa humo humo ndani, jirani na mafuta ya taa. Mzazi aliyechoka huweza kufikiri kwamba dawa inayoua mbu wa mikorosho itaua na chawa. Ni kweli, itawaua chawa, lakini inaweza kumwua na mtoto. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza jambo hili katika toleo hili.

Kwanza hakikisha ni chawa

Si kila muwasho wa kichwa ni chawa. Watoto wengi wa shule za msingi hukatwa nywele fupi, na kwao mara nyingi tatizo huwa ni mapunye. Mapunye ni ugonjwa wa kuvu: huonekana kama mabaka ya mviringo yenye magamba, na nywele hukatika hapo. Hayaponi kwa kupaka tu. Mtoto huhitaji vidonge kwa wiki kadhaa, hivyo apelekwe zahanati.

Chawa mzima ana ukubwa wa punje ya ufuta. Mayai yake ni madogo zaidi, meupe au ya kahawia, na yamegandamana na unywele karibu na ngozi, hasa nyuma ya masikio na kisogoni. Mba hupeperuka ukiupuliza. Yai la chawa halitoki mpaka ulivute kwa kucha. Tafuta mahali penye mwanga, na usiseme ni chawa mpaka umemwona akitembea.

Chawa wa kichwa haruki wala hapai. Huhama vichwa vinapogusana, watoto wanapolala pamoja au kucheza. Hapendi uchafu kuliko usafi. Anachotafuta ni damu. Kwa hiyo asiwepo mtoto wa kuchekwa wala kuzuiwa kwenda shule kwa sababu yake.

Dawa zinazodhuru

Viuatilifu vya mikorosho na dawa za kuogeshea mifugo visiguse kabisa kichwa cha mtu. Baadhi hupenya kwenye ngozi, na ngozi ya mtoto ni laini, tena mara nyingi ina vidonda vya kujikuna. Dalili za sumu ni kutoka mate na jasho jingi, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo, kulegea na kupumua kwa shida. Likitokea, vua nguo za mtoto, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, kisha mkimbizeni kituo cha afya pamoja na chupa ya dawa hiyo ili mganga asome lebo. Kama ameinywa, msimtapishe.

Salfa ya kupulizia ubwiriunga nayo huchanganya watu, kwa sababu hospitalini ipo marhamu ya salfa ya kutibu upele. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mtu. Salfa ya shamba ni kwa mikorosho, na huwasha macho na kifua.

Mafuta ya taa huunguza ngozi, na mtoto akikaribia koroboi au jiko, nywele hushika moto. Akiyameza, huingia mapafuni.

Mwarobaini unaheshimika kwetu, na yapo maandalizi ya mbegu zake yaliyoonyesha kuua chawa. Lakini ya kupikwa nyumbani hayana kipimo. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika juu ya watoto wadogo waliougua vibaya baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Mtoto asinyweshwe kamwe.

Dawa inayosaidia: kitana, mafuta na subira

Mafuta ya nazi au ya ufuta hayana hakika ya kuua chawa, ila humpunguzia mwendo na hulainisha nywele. Kazi yenyewe hufanywa na kitana chenye meno membamba yaliyobanana.

Lowesha nywele, paka mafuta mengi, zigawe mafungu madogo, kisha chana kila fungu kuanzia kwenye ngozi mpaka nchani. Kila mara futa kitana kwenye kitambaa cheupe uone ulichotoa. Rudia siku ya 5, ya 9 na ya 13. Sababu ni hii: mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, na chawa mchanga huhitaji zaidi ya wiki moja kabla ya kutaga. Ukichana kwa ratiba hiyo unawatoa wote kabla hawajazaa. Wengi hushindwa kwa kuwa huchana mara moja tu.

Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2005 ulilinganisha njia hii na dawa za dukani. Kuchana kuliponya watoto 57 katika kila 100. Dawa ziliponya 13 tu, kwa kuwa chawa wa huko walikwisha kuzizoea. Nywele za watoto wale si kama zetu. Kwa nywele ngumu na nzito kitana hukwama, na hapo kunyoa ndiyo njia ya mkato, maana chawa haishi pasipo nywele. Tumieni mashine, au wembe mpya kwa kila mtoto. Wembe mmoja kwa watoto watano huweza kueneza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Kwa binti mkubwa, mwulizeni kwanza.

Kagueni wote wanaolala pamoja na mtoto siku hiyo hiyo. Fueni kanga, kofia na foronya kwa maji ya moto na kuzianika juani. Chawa aliyetoka kichwani hufa baada ya siku moja au mbili. Ikishindikana, ulizeni kituo cha afya dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa ajili ya watu.

Ombi letu kwa kamati za sharika

Mambo mawili yanawezekana bila bajeti kubwa. Kwanza, kila kikundi kiwe na vitana vichache vya kuazimana, vikichemshwa kila baada ya kutumika. Pili, kabla ya msimu wa kupulizia mikorosho, wanakamati wapite nyumba kwa nyumba kuhimiza dawa za shamba zifungiwe mahali ambapo mtoto hafiki, na chupa tupu zisitumike tena nyumbani. Kwa wafadhili wetu, mchango wa vitana unaweza kuonekana mdogo mno kuandikwa kwenye taarifa. Lakini mzazi mwenye kitana mkononi hana sababu ya kwenda kuichukua ile chupa.