Kameruni: Buea, mji unaokimbia mlimani licha ya volkano na vita

Kila mwaka mwezi wa pili, wakati wa kiangazi, mji wa Buea, kusini-magharibi mwa Kameruni, huamka mapema kuliko kawaida. Mamia ya wakimbiaji huondoka kwenye uwanja wa Molyko, hupanda Mlima Kameruni hadi kileleni, mita zaidi ya 4,000, kisha hushuka na kurudi uwanjani siku hiyo hiyo. Ni karibu kilomita 40. Wenyeji wanaziita Mbio za Matumaini.

Mbio hizi zilianza mwaka 1973 kwa udhamini wa kampuni ya bia ya Guinness. Kampuni hiyo ilipojiondoa, shirikisho la riadha la Kameruni ndilo lililoendelea kuziandaa.

Mwanzo wa safari ni lami, katikati ya wakaaji wanaosimama mbele ya nyumba zao kushangilia. Kisha unakuja msitu wenye mizizi na giza. Juu zaidi miti inaisha, kunabaki nyasi, upepo na mawe ya lava. Kileleni oksijeni ni kama asilimia 60 tu ya ile ya pwani, na baridi inauma vidole wakati mjini watu wanatoka jasho.

Wengi hudhani ugumu uko katika kupanda. Lakini kushuka ndiko kunakoumiza zaidi: changarawe ya volkano inateleza, magoti na mapaja yanabeba uzito wote wa mwili kwa kila hatua, na anayeanguka huchanwa na mawe. Wanaume wenye mbio zaidi hutumia masaa manne na nusu hivi, wanawake masaa matano na zaidi.

Mlima wenyewe ni volkano hai, uliolipuka mwaka 1999 na tena mwaka 2000. Wakaaji wa Goma, wanaolala chini ya Nyiragongo, wanajua maana yake. Kwa Wabakweri, wenyeji wa Buea, mlima una mwenyewe: Epasa Moto, ambaye ni nusu mtu, nusu jiwe. Kabla ya mbio, wazee hufanya tambiko ili wakimbiaji warudi wazima.

Jina linalotajwa zaidi katika mbio hizo ni la mama Sarah Etonge. Akiwa mama wa watoto saba, alishinda mara saba, na watu wakampa jina la Malkia wa Mlima.

Leo hatari haitoki mlimani peke yake. Tangu mwaka 2017, mikoa miwili ya Kameruni inayotumia Kiingereza imo katika vita kati ya jeshi na waasi wanaotaka kujitenga, na Buea ni mji mkuu wa mmoja wa mikoa hiyo. Jumamosi tarehe 25 Februari 2023, milipuko ilitokea mjini wakati wakimbiaji wakipita. Wasiopungua 18 walijeruhiwa. Waasi walikiri kuhusika.

Kwa serikali, mbio zikifanyika ni ushahidi kwamba mji uko salama. Kwa waasi, hiyo ndiyo sababu ya kuzivuruga. Katikati yuko mkimbiaji, ambaye hakuomba kuwa ushahidi wa upande wowote. Anachotafuta ni zawadi ya pesa na heshima ya kufika kileleni.

Hata hivyo, mwaka 2024 mbio zilifanyika tena, na wakimbiaji wakapita katika mji huo huo.

Mashariki mwa Congo pia kuna milima: Nyiragongo, mita 3,470, na Rwenzori, mita 5,109. Miguu ya kuipanda haikosekani, maana wako watu wanaobeba mizigo kwenye miteremko hiyo tangu utotoni. Lakini mfano wa Buea unaonyesha kwamba mkimbiaji anaweza kujizoesha kushinda baridi, mawe na hewa nyepesi. Usalama wa njia hauko mikononi mwake.