Dhahabu Mbele ya Kamera: Wanetu na Detekta Huko Eldoret

Mzazi wa Pwani mwenye mwana anayesoma Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi au Chuo Kikuu cha Eldoret, amezoea kutumiwa picha za aina tatu: sahani ya chakula, marafiki waliojifunika makoti kwa baridi, na joho la mahafali. Huenda siku moja akapokea ya nne. Kijana yuko mbugani, amevaa vipokea sauti masikioni, mkononi ana fimbo yenye sahani ya duara mwishoni. Anaipitisha juu ya majani kushoto na kulia. Mashine inalia. Anapiga magoti, anafukua, anapekua udongo kiganjani, kisha ananyanyua mbele ya kamera punje ndogo ya njano, na wenziwe wanapiga kelele za furaha.

Mchezo huu wa kutafuta dhahabu kwa mashine na kujipiga filamu ulienea kwanza ng'ambo, Australia na Marekani, ambako una watazamaji wengi mno. Wachimbaji wetu wadogo huiita mashine hiyo detekta. Hatuandiki ili wazazi wampige mtoto marufuku. Kutembea milimani siku nzima kuna siha zaidi ya kuinamia kamari ya simu chumbani. Lakini yako mambo ambayo video haiyaonyeshi, na hayo ndiyo yawezayo kumtia kijana mashakani, au kumdhuru mtu ambaye kijana hata hamjui.

Eldoret yenyewe si mji wa dhahabu. Umekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu uliofunikwa na miamba ya volkano, na jina lake hunasibishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, yaani mto Sosiani. Kabla ya mwaka 1912 mji ukiitwa Sitini na Nne, kwa nambari ya shamba ulipoanzia. Dhahabu imo katika miamba mikongwe zaidi iliyouzunguka uwanda huo kwa mbali: magharibi na kusini, Kakamega na mipaka ya Nandi, ambako miamba ina umri unaozidi miaka milioni 2,500, na kaskazini, baada ya Kitale na Kapenguria, katika Pokot Magharibi, ambako mito kama Muruny na Weiwei huteremsha vumbi la dhahabu kutoka milimani. Huko wanawake wa Kipokot wameizoea kazi ya karai tangu zamani. Kwa hivyo kijana wa Eldoret atakaye dhahabu hana budi kusafiri, na akisafiri huwa anaingia katika ardhi ya wenyewe.

Safari hiyo si mpya. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, mlowezi aliyekuwa na shamba upande wa Turbo, njia ya kutoka Eldoret kuelekea magharibi, aligundua dhahabu Kakamega. Wakati huo mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeiporomosha bei ya mahindi, na walowezi wengi walikuwa taabani. Habari ilipoenea, walimiminika. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Waluhya, na sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji kwamba hifadhi zao ni zao milele, na kwamba kipande chochote kikitwaliwa kitafidiwa kwa ardhi nyengine ya kiasi hicho hicho. Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka mitatu. Mnamo Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha sheria ili ardhi iweze kutolewa kwa uchimbaji, mwenyewe alipwe fedha badala ya ardhi, wala haikulazimika tena kuwashauri wenyeji kwanza. Mgodi mkubwa wa huko, Rosterman, ulifanya kazi hadi mwaka 1952, kisha wageni wakaondoka. Mashimo yalibaki.

Hayo yote yalitendeka kwa nguvu ya barua, simu ya waya na magazeti. Laiti Johnson angekuwa na simu ya mkononi yenye kamera, sijui hata hiyo miezi michache ya mwanzo ingepatikana.

Ndiyo maana tunaona kwamba jambo zito katika video hizi ni mahali. Kijana akionyesha ukingo wa mto, mti mkubwa wa mtini, kilele cha mlima nyuma yake na kibao cha shule ya msingi njiani, amekwisha kuchora ramani. Hata asipotaja jina la kijiji, picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake vipimo vya mahali ilipopigwa, na akimtumia rafiki faili lenyewe amempa na anwani. Baada ya wiki huja watu wasiofahamika wenye sururu. Mwenye shamba ni mama mzee, huenda mjane, mwenye ng'ombe wawili na mahindi. Yeye hakupata hata senti ya watazamaji, na sasa ana mashimo ambayo ng'ombe wake wanatumbukia.

Hatusemi hivi kwa kubuni hatari. Desemba 2021 mgodi wa Abimbo, Siaya, uliporomoka na kuwafunika wachimbaji. Mei 2024 watu walikufa katika mgodi wa Hillo, huko Dabel, Marsabit, ilhali serikali ilikuwa imekwisha kuufunga. Mashimo ya aina hiyo huanza kwa uvumi wa kupatikana.

Mwaka 1980 huko Kingower, Australia, Kevin Hillier aliufukua kwa detekta mkufu wa riziki usio na mfano: bonge la dhahabu la zaidi ya kilo 27, lililokuwa sentimita zipatazo 30 tu chini ya ardhi. Lilipotangazwa, mahali hasa lilipotoka hapakuwekwa wazi. Baadaye lilinunuliwa na nyumba ya kamari huko Las Vegas likawekwa kioni watu walitazame. Dunia nzima imeliona bonge. Shimo halikuonyeshwa.

Sasa tuitazame mashine, maana wazazi huulizwa fedha za kuinunua, na bei yake si mchezo. Ile sahani ya chini ina nyaya zinazotoa nguvu ya sumaku kuingia ardhini. Nguvu hiyo ikigusa metali, huamsha ndani yake umeme mdogo, na umeme huo hurudisha jawabu ambalo mashine huligeuza kuwa sauti. Haijui dhahabu. Hujua metali. Msumari, kizibo cha soda, waya wa ua, ganda la risasi, vyote hulia. Udongo mwekundu wenye chuma kingi nao hulia, na kuna mawe ambayo yanaweza kumdanganya mtafutaji siku nzima. Punje ndogo haisikiki ila ikiwa karibu sana na uso wa ardhi, na vumbi la dhahabu, ambalo ndilo lililo jingi mitoni, kwa kawaida haliisikii kabisa. Hapo mama wa Kipokot mwenye karai humshinda kijana mwenye mashine ya maelfu ya shilingi. Dhahabu nyengine ya Kakamega imefungwa ndani ya mwamba mweupe mgumu, nayo haipatikani ila kwa kuvunja na kusaga.

Na kamera yenyewe ni adui wa detekta. Simu iliyofungwa kifuani au kushikwa karibu na sahani huitia mashine kelele zisizo na maana, kwani nayo hutoa mawimbi yake. Wenye uzoefu huitenga kamera hatua kadhaa, juu ya stendi, na simu ya mfukoni huizimia mtandao. Sauti ya mashine nayo humalizikia masikioni mwa mtafutaji, basi ili watazamaji waisikie lazima itumike spika ya nje, na upepo wa nyanda za juu huimeza. Kwa ufupi, kuipata dakika ile ya kupatikana katika filamu, ikiwa safi na yenye sauti, ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Hapa ndipo kishawishi kinapoingia. Kijana amezunguka saa sita, ana misumari kumi na mmoja na kizibo. Video ya misumari haitazamwi. Basi ile punje aliyoipata mwezi uliopita huzikwa tena, na kamera ikiwashwa anaigundua upya kwa mshangao wa kuigiza. Wengine huona ni utani mdogo. Sisi hatuoni hivyo. Kenya ina kesi nyingi za utapeli wa dhahabu bandia, na chambo cha utapeli huo ni hiki hiki: mtu kuonyeshwa kitu kinachong'aa na kuaminishwa kwamba kiko kingi kilikotoka. Anayejifunza kuidanganya kamera kwa punje moja amejifunza nusu ya kazi hiyo.

Liko jengine ambalo kamera haiwezi kulinasa hata ikitaka. Penye uchimbaji mdogo wa dhahabu ya kusaga, aghalabu pana zebaki. Huchanganywa na unga wa mwamba ikashika dhahabu, kisha huchomwa ili dhahabu ibaki. Mvuke wake hauonekani, wala hauna harufu ya kumwonya mtu. Huingia mapafuni na kudhuru ubongo na figo, na kwa mja mzito hufika kwa mtoto aliye tumboni. Kijana akisogea na kamera apate picha nzuri ya dhahabu ikitokea motoni, amesogea mahali pabaya kuliko pote. Binti au mkwe mwenye mimba asikaribie kabisa.

Kuhusu sheria tutasema machache. Katiba ya 2010 imeyahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, hata yaliyo chini ya shamba la mtu. Sheria ya Madini ya 2016 hairuhusu kutafuta wala kuchimba bila leseni au kibali, na katika ardhi ya mtu binafsi hutakiwa ridhaa yake. Kusema "nilikuwa nikicheza tu" hakumkingi mtu. Upande wa filamu, Sura ya 222 hutaka leseni kwa filamu ya kuonyeshwa umma, na mwaka 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu ilizua mjadala iliposema hata wanaoweka video mtandaoni wamo. Droni ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imelinda taarifa za watu, picha zikiwamo, na imeweka idhini ya mzazi kwa watoto. Basi wale watoto wa kijijini wanaocheka nyuma ya mtafutaji, ambao hupendeza sana katika video, wana wazazi wa kuombwa ruhusa.

Kijana akirudi likizo na mashine yake, huku kwetu kuna hatari nyengine. Pwani imejaa miji ya kale: Gede, Mnarani, Jumba la Mtwana, Takwa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 hukataza kufukua vitu vya kale bila leseni, na aliyekiona kwa bahati hutakiwa atoe taarifa. Sababu yake inaonekana vyema Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 wanaakiolojia walikuta huko zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, zenye majina ya watawala Waislamu wa pwani hii, zikiwa pamoja na dinari chache za dhahabu. Dinari hizo, zikiwamo za Kifatimi, ndizo zilizosaidia kuipa hazina tarehe, karne ya 11. Zingetolewa moja moja kwa detekta, za dhahabu zingekwenda kwa sonara, na zile za fedha zingebaki bubu.

Katika dini yetu pia vitu hivi havikuchanganywa. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi Pwani, dhahabu ya mgodini ikitimia nisabu, mithqali 20, sawa na gramu 85 hivi, hutolewa robo ya ushuri, yaani asilimia 2.5, papo hapo bila kungoja mwaka. Hazina iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu ni rikazi, na fungu lake ni khumusi, moja katika tano. Iliyo na alama za Kiislamu, kama zile sarafu za Mtambwe, si rikazi. Huhesabiwa luqata, mali iliyopotea. Mwenye jambo mahsusi amwendee sheikh wake au kadhi.

Hukumu ya luqata ndiyo inayomgusa zaidi kijana wa detekta, kwa kuwa kwenye mchanga wa Nyali au Shelly atapata pete ya mtu aliyeogelea mapema zaidi kuliko atakavyopata dhahabu ya mwamba. Aliyeiokota hutakiwa azijue sifa zake, kisha aitangaze kwa mwaka mmoja. Video ni tangazo zuri, pengine zuri kuliko kusimama mlangoni mwa msikiti. Ila mafakihi wamefundisha kwamba mtangazaji ataje baadhi ya sifa na afiche nyengine, ili anayedai athibitishe kwa kuzieleza mwenyewe. Basi aonyeshe kwamba ni pete, na ufuo alioipata. Jina lililochongwa ndani lisionekane kwenye kamera.