Picha ya kumbukumbu si ya kufunikwa kwa madoido

KIANGAZI kikikolea, vilima vinavyozunguka Ziwa Nakivale hukauka kabisa. Nyasi huwa rangi ya mabua ya mahindi na vumbi hufunika kila kitu. Mtu aliyewahi kufika Chalbi, jangwa la kaskazini mwa Kenya, akiona picha zilizopigwa hapa wakati huo anaweza kudhani ni za huko.

Mimi ni mpiga picha hapa Kaberebere, kwenye barabara ya Mbarara kwenda Kikagati. Wateja wangu wengi ni watu wa safari: wafanyabiashara wanaovuka kwenda Murongo upande wa Tanzania, na wakimbizi wa Nakivale wanaojiandaa kurudi makwao. Hawa wa pili huomba picha ya mahali walipoishi.

Picha ya kilima kikavu, mbingu ikiwa nyeupe, huonekana tupu. Ndiyo maana nilijifunza kuiongezea tabaka. Unapiga picha nyingine ya kitu chenye mikwaruzo: ukuta wa udongo uliobanduka, bati lenye kutu, turubai lililochakaa, au tope lililokauka na kupasuka. Kwenye kompyuta unailaza hiyo juu ya picha ya kilima, kisha unaififisha mpaka ya chini ionekane. Mbingu tupu hupata madoa ya kutu, na picha ya jana huonekana kama imekaa sandukuni miaka 50.

Jambo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya mawingu, kwa sababu vifaa vya wakati ule vilishindwa kunasa vyote viwili kwa pamoja. Huku kwetu, marehemu Omar Said Bakor wa Lamu aliunganisha picha tofauti kuwa moja katika studio yake kabla ya kompyuta kutufikia. Programu ya Photoshop ilianza kuwa na tabaka mwaka 1994, mwaka uleule Wanyarwanda wengi waliokuwa wakimbizi Uganda walipoanza kurudi kwao.

Basi siku moja alikuja mama mmoja wa Burundi. Jina lake lilikuwa limeshaingia kwenye orodha ya wanaorudi. Tulikwenda wote mpaka kwake, nikapiga picha kutoka juu: nyumba yake ya udongo, shamba, na mti mmoja mkubwa. Usiku nikailazia picha ya tope lililopasuka. Ilipendeza! Nikaihifadhi juu ya faili la kwanza, nikafuta kadi ya kamera ili nipate nafasi ya harusi ya kesho yake.

Alipokuja kuichukua aliitazama kwa muda mrefu.

“Mwanangu, mti nauona. Chini yake pako wapi?”

“Chini yake pana nini, mama?”

“Nilimzika mdogo wangu pale.”

Kile kichuguu cha udongo kilikuwa kimemezwa na nyufa zangu. Nilijaribu kuliondoa tabaka, haikuwezekana. Nilikuwa nimekwisha kuviunganisha vyote kuwa kimoja. Nikapanda bodaboda kurudi kule. Nikakuta nyumba imeshabomolewa na turubai la paa limechukuliwa. Nilipiga mti na kaburi, safari hii nikiwa karibu, bila kuongeza kitu.

Tangu siku hiyo nina masharti yangu. Faili la asili silisogezi. Kazi zote nafanya kwenye nakala. Tabaka nalififisha sana, na kwenye nyuso, nyumba na makaburi nalifuta kabisa, libaki mbinguni na kwenye nyasi. Tena kabla ya kuanza namuuliza mteja: katika picha hii, nini kisipotee?

Ndugu msomaji unayerudi kwenu, mpiga picha wako akikuandalia picha nzuri, mwombe akupe na ile isiyoguswa. Utakapofika, watoto watauliza tulikaa wapi, na yule aliyezaliwa kambini atataka kuona mlango wa nyumba yao, si kutu ya bati la mtu mwingine. Nawe mfanyabiashara unayetuma picha ya maharage ng'ambo ya mpaka, usiongeze tabaka lolote. Mnunuzi akifungua gunia akakuta rangi nyingine, hatakuamini tena.

Yule mama alizichukua picha zote mbili. Ile ya nyufa, alisema, ataitundika ukutani kwa sababu ni nzuri. Ile ya kaburi aliifunga kwenye kitenge pamoja na karatasi zake za safari.