Hasira ya Moyoni: Padre, Mtawa wa Kibudha na Mzee wa Kidawida

Kutoka Mombasa hadi Voi ni mwendo wa kilomita 160 hivi, lakini kwa mambo ya dini ni safari ndefu zaidi. Mjini Voi utasikia adhana na kengele ya kanisa. Ukipanda milima kuelekea Wundanyi, utaonyeshwa mapango ambamo Wadawida, ndio Wataita, walihifadhi mafuvu ya wazee wao.

Sisi watu wa pwani tumezoea kuwapima majirani kwa neno moja: huyu ana dini, yule hana. Nimekaa Voi na nimeona kipimo hicho ni kifupi. Tuwaulize swali jingine: dini yako yakufunza nini juu ya hasira uliyoificha moyoni?

Tuanze na Mkatoliki. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bura mwanzoni mwa miaka ya 1890, baada ya Waanglikana waliotangulia Sagalla mwaka 1883. Mkatoliki huanza na Mungu Muumba, kisha hushuka moyoni. Chuki kwake ni dhambi iliyomkosea Mungu, kwa hiyo huenda kuungama kwa padre na kupewa kitubio. Hapa njia zetu zinaachana. Yeye husema Mungu mmoja katika nafsi tatu, nasi hatukubali. Tena Muislamu hutubu kwa Mola wake pasi na mtu kati. Lakini sote tunakiri kuwa yupo wa kuombwa msamaha.

Mbudha je? Voi sijaona hekalu lao, ila Dar es Salaam wanalo, lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka wakati wa Waingereza. Budha hakudai kuwa Mungu wala mtume wa Mungu. Alikuwa mtu wa Bara Hindi, yapata miaka 2,500 iliyopita, aliyeiacha nyumba ya fahari akatafute chanzo cha mateso. Wafuasi wake hawamwabudu Muumba. Kwao mizizi mitatu ya maovu ni tamaa, chuki na ujinga, na mtu huing'oa kwa mwenendo mwema na kuutuliza moyo, hata afike raha waiitayo nirvana. Basi Mbudha huanza moyoni, na kwa Muumba hafiki. Muislamu hawezi kuridhika na hilo. Lakini hawezi pia kusema kwamba mtu huyu hajishughulishi na roho yake.

Sasa Mdawida wa asili, ambaye yu kati ya hawa wawili. Anamjua Mungu, humwita Mlungu. Lakini ibada yake kubwa ni kutasa. Mtu hutia kinywani maji au pombe ya miwa, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya kuondoa uchungu na kuomba heri. Mtaalamu wa Kimarekani, Grace Harris, aliyekaa nao miaka ya 1950, aliichapishia ibada hiyo kitabu mwaka 1978. Wazee huamini kwamba hasira ya ndugu, hata iwe ya haki, hata mwenyewe asikusudie baya, yaweza kumletea mtoto maradhi. Dawa ni mwenye hasira kuitoa.

Hili si la vitabuni tu. Nyumba nyingi za Voi zina Muislamu, Mkatoliki na Muanglikana chini ya paa moja. Mtoto akiugua, na mjomba wake ni Muislamu mwenye kinyongo na dada yake, akiitwa kikao cha ukoo afanyeje? Pombe hataonja, wala mizimu hataiomba; hilo halina mjadala, na mengine awaulize masheikh. Lakini akikataa hata kwenda, watasema Uislamu umemfunza kushika kinyongo.

Rai yangu ni kwamba aende. Ampe mkono dada yake, atamke mbele ya wazee, "Dada, nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu," kisha amwombee mtoto dua. Kuizuia ghadhabu na kuunga udugu tulifundishwa tangu chuoni. Wazee wa Kidawida watamwelewa bila mkalimani, na Mkatoliki aliyeketi kando ataitikia amina.

Ugomvi wa ndugu, chukua jembe ukalime. Sisi tusingoje mpaka wakati wa kuvuna.