Mchoraji wa Lubumbashi na Ndege ya Luano

Akaaye Golf, hapa Lubumbashi, amekwisha kuzoea mngurumo wa ndege zishukazo Luano. Watoto hutazama juu, wakubwa hawajisumbui. Lakini iko ndege moja ambayo mchoraji wa mji huu hakukubali isahauliwe.

Mchoraji huyo ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Alipaka rangi juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na picha za namna hiyo zilitundikwa ukutani katika nyumba za wafanyakazi. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwalimu wa Chuo Kikuu, picha 101 za historia ya nchi, akamsimulia kila moja kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Mwenyewe alijiita mwanahistoria.

Tarehe 17 Januari 1961, jioni ilipokaribia, ndege ya Air Congo aina ya DC-4 ilitua Luano ikitoka Moanda. Ndani walikuwamo Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa. Angani walipigwa vibaya mno, hata marubani wakajifungia katika chumba chao wasione tena. Usiku ule ule wote watatu walipigwa risasi. Tshibumba alikuwa bado mtoto wa miaka kumi na mitatu hivi.

Mtu apendaye mitambo angalichora mabawa na zile injini nne. Yeye alichora wafungwa wakishushwa, mikono imefungwa, katikati ya askari. Katika picha ya kifo chao aliweka misalaba mitatu kwa mbali, na damu ikitoka ubavuni mwa Lumumba.

Mkristo aweza kusita hapo, nami nilisita, kwa maana Mwokozi ni mmoja. Lakini Tshibumba hakuwa akiandika katekisimu. Alitumia alama ambayo watu wa mji huu waliijua tangu utoto, wapate kutambua kwamba aliyeuawa hakuwa na wa kumtetea.

Mwezi wa Juni 2022 jino la Lumumba, lililokuwa Ubelgiji miaka mingi, lilirudishwa Kongo kwa ndege, likafikishwa Katanga hata Shilatembo, mahali alipouawa. Watu wengi walikwenda kulipokea. Tshibumba hakuwapo kuichora safari hiyo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake zilikatika.